Muziki wa Wapigaji Wanne

Hotuba iliyosemwa mbele ya waalimu na watu wa parokia, kabla ya muziki kupigwa



Mnaviona viti vinne mbele yenu, vimepangwa nusu duara, na mbele ya kila kiti pana chuma chembamba cha kuwekea karatasi za noti. Punde watakuja watu wanne, watakaa, watapiga muda wa saa moja na zaidi kidogo, kisha watainuka. Hapatakuwa na mwimbaji. Halitatamkwa neno hata moja. Wala hapatakuwa na mtu wa kusimama mbele yao na kupunga mikono, kama tufanyavyo sisi waalimu wa kwaya. Nimeagizwa niwaeleze jambo hili ni jambo gani, msije mkakaa saa nzima mkingoja wimbo uanze, kumbe wimbo umekwisha kuanza zamani.

Nami nitasema wazi, kwa sababu tangu tangazo liliposomwa kanisani nimesikia manung'uniko. Mzee mmoja, mtu wa heshima, aliyefundisha kwaya kabla mimi sijazaliwa, aliniambia hivi: "Mwanangu, sauti isiyo na neno ni kama barua isiyo na maandishi. Bahasha nzuri, lakini ndani nitasoma nini?" Siku ile sikumjibu. Swali lake si la mchezo. Sisi tumelelewa katika nyimbo zenye maneno, na wengi wetu tulizijua habari za imani kwa kuziimba kabla hatujajua kuzisoma. Mtu akituletea sauti tupu, tuna haki ya kuuliza imekuja kufanya nini. Basi hotuba hii ndiyo jibu langu, na mzee yuko hapa, atalipima mwenyewe.

Kwanza vyombo. Viwili ni fidla, kimoja ni viola, na kimoja ni chelo. Watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa fidla ni nini, kwa maana katika taarab ya Unguja fidla na chelo hukaa pamoja na udi na kanuni; chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa huko tangu mwaka 1905. Na watu wa bara wasijione wageni. Wagogo wana zeze lipigwalo kwa upinde, na Waganda wana endingidi yenye uzi mmoja. Kazi ni ile ile: uzi umekazwa, upinde unausugua, na uwazi ulio ndani ya chombo unaikuza sauti. Upinde wa fidla una singa za mkia wa farasi, zimepakwa utomvu mkavu wa mti zisiteleze. Kila chombo kina nyuzi nne. Viola ni kubwa kidogo kuliko fidla, na sauti yake iko chini yake kwa hatua tano. Chelo ni kubwa hata husimamishwa sakafuni katikati ya magoti ya mpigaji; nyuzi zake zina majina yale yale ya nyuzi za viola, ila chini kwa oktavu nzima. Mwalimu wa kwaya atatambua mara moja kwamba hawa ni soprano, alto, tenor na besi, walioacha vinywa wakatwaa mbao.

Wazungu huuita muziki wa namna hii muziki wa chumbani. Mimi napenda kuuita muziki wa sebuleni, kwa kuwa haukuzaliwa kanisani wala katika jumba la tamasha, bali nyumbani mwa watu. Asili yake yasimuliwa hivi. Katika miaka ya 1750 na kitu alikuwako Austria bwana mmoja jina lake Fürnberg, mwenye nyumba shambani mahali paitwapo Weinzierl. Bwana huyu alipenda muziki. Akawakusanya watu aliokuwa nao karibu: paroko wake, msimamizi wa shamba lake, mpiga chelo mmoja, na kijana maskini kutoka mji wa Vienna, mwana wa fundi wa magurudumu, jina lake Joseph Haydn. Akamtaka kijana yule atunge kitu ambacho watu wanne wale wangeweza kukipiga. (Naona mapadre wanatabasamu. Ndiyo, miongoni mwa wapigaji wa kwanza wa Haydn alikuwamo paroko, wala hatukusimuliwa kwamba alichelewa kwenye mazoezi.) Kijana akatunga, ikapendeza, akatunga tena. Haydn alizaliwa mwaka 1732 akafa mwaka 1809, na muziki wa wanne aliotutungia wapata 68.

Kutoka nyumba ile desturi ikaenea. Mwaka 1784 mwimbaji kutoka Ireland aitwaye Michael Kelly alikwenda karamuni Vienna, akawakuta waliokaa kupiga ni Haydn, Dittersdorf, Mozart na Vanhal, watungaji wakubwa wanne katika chumba kimoja. Baadaye akaandika kwamba walipiga kwa kadiri tu, na kwamba hapakuwa na mmoja aliyekuwa hodari mno katika chombo chake. Waalimu, lishikeni hilo liwe faraja kwenu. Hata ilipofika mwaka 1804 mpiga fidla aitwaye Schuppanzigh akaanza kupiga muziki huu mbele ya watu waliolipa kuingia, ndipo ukatoka sebuleni ukaenda hadharani. Lakini tabia ya sebuleni haukuiacha: ni watu wanne wanaozungumza, na sisi tumeruhusiwa kukaa kando tuwasikilize. Goethe, mshairi wa Wajerumani, alimwandikia rafiki yake mwaka 1829 kwa maana hiyo hiyo, kwamba muziki wa wanne ni kama mazungumzo ya watu wanne wenye akili.

Sasa nataka mtumie macho pamoja na masikio. Tazameni wanavyoanza. Hakuna kiongozi, hakuna fimbo. Mwenye fidla ya kwanza atavuta pumzi, na wenziwe watavuta pumzi pamoja naye, na kabla upinde haujagusa uzi wote wanne wamekwisha kujua mwendo ni upi. Kisha tazameni ni nani mwenye wimbo. Kwa kitambo utakuwa kwa fidla ya kwanza, halafu utashuka kwa viola, na yule wa kwanza atajishusha, atatoa sauti ndogo chini ya mwenzake, wala hataona haya. Mwenye chelo anaweza kukaa muda mrefu akipiga sauti moja tu, lakini akiikosea hiyo moja nyumba yote inaanguka. Hapa ndipo kwaya zetu nyingi zinaposhindwa, nami nasema kama mtu wa ndani. Tenor wetu wakishika neno zuri hawaliachii mpaka mstari uishe, na besi hujibu kwa kuongeza nguvu, mwisho alto hawasikiki hata kwa mama zao. Mwalimu hutoka jasho akipunga mikono kuwazuia watu ambao hawasikilizani. Wale wanne hawana wa kuwazuia, basi hawana budi kusikilizana.

Nije katika muziki wenyewe, nao ni wa watu wanne.

Wa kwanza ni huyo huyo Haydn. Katika mji wa Cádiz, pwani ya kusini ya Hispania, pana kanisa dogo liitwalo Santa Cueva, maana yake Pango Takatifu. Padre wa huko, José Sáenz de Santa María, alimpelekea Haydn ombi la ajabu. Haydn mwenyewe ameeleza desturi yao ilivyokuwa. Katika Kwaresima kuta, madirisha na nguzo za kanisa zilifunikwa kitambaa cheusi, ikabaki taa moja kubwa tu iliyotundikwa katikati. Saa sita ya mchana milango ikafungwa. Askofu akapanda mimbarini, akatamka neno moja katika yale maneno saba aliyoyasema Bwana wetu msalabani, akalihubiri. Alipokwisha akashuka, akapiga magoti mbele ya altare. Na katika kimya kile cha kupiga magoti walitaka muziki. Halafu askofu akapanda tena kwa neno la pili, na la tatu, mpaka saba.

Angalieni vema walichomwomba. Hawakumwomba wimbo wa kulieleza neno, maana neno lilikwisha kutamkwa na kuelezwa na askofu. Walimwomba kitu cha kujaza mahali pale ambapo mahubiri yamekwisha na mtu bado yuko magotini. Haydn alikiri kwamba kazi ile ilikuwa ngumu: mafungu saba, yote ya mwendo wa polepole, kila moja dakika kama kumi, yafuatane pasipo kumchosha msikilizaji. Aliyatunga kwanza kwa okestra, yakapigwa mwaka 1787, na mwaka ule ule akayaandika upya kwa wapigaji wanne. Kuna jambo moja katika karatasi zake ambalo laniambia mengi. Chini ya noti za kwanza za kila fungu, katika karatasi ya fidla ya kwanza, yameandikwa maneno ya Kilatini ya Bwana, silabi kwa noti. Mpigaji huyaona. Msikilizaji hayasikii. Kwa hiyo barua ile ina maandishi, ila aliyepewa kuyasoma ni yule anayepiga, na sisi twapokea alivyosoma.

Jioni hii hamtasikia mafungu yote saba. Mtasikia fungu la neno la kiu, ambamo baadhi ya wapigaji huweka upinde kando wakagusa nyuzi kwa ncha za vidole, na sauti zikaanguka moja moja kama matone, na juu yake fidla ya kwanza inaita kwa noti mbili tu zinazoshuka. Kisha mtasikia neno la mwisho, la kujikabidhi mikononi mwa Baba. Hapo fidla zimebanwa kipande kidogo juu ya nyuzi ili sauti iwe kama ya mtu anayezungumza nyuma ya pazia. Na baada ya hapo, bila kupumzika, tetemeko la nchi. Shikeni watoto. Haydn ameandika wapige kwa nguvu zao zote, nao watatii.

Baadaye, mwaka 1796, Haydn aliyapa mafungu haya maneno ya kuimbwa na kwaya. Yanaimbwa mpaka leo, tena ni mazuri. Lakini nikiulizwa mimi, nachagua yale yasiyo na maneno, kwa kuwa kwaya inanieleza ninachopaswa kusikia, na wale wanne wananiacha pale nilipo.

Wa pili ni Ludwig van Beethoven, aliyezaliwa Bonn mwaka 1770, akaja Vienna mwaka 1792, akawa mwanafunzi wa Haydn. Habari yake wengi mmeisikia: mwanamuziki aliyekuwa kiziwi. Masikio yake yalianza kudhoofika hajatimiza miaka thelathini, na kuanzia mwaka 1818 wageni wake walikuwa wakimwandikia katika daftari walichotaka kumwambia. Hata hivyo muziki wa wanne ulio mkubwa kuliko wote alioutunga aliutunga baada ya hapo. Mpiga fidla Joseph Böhm, aliyefanya mazoezi mbele yake mwaka 1825, amesimulia kwamba Beethoven alikaa pembeni asisikie kitu, macho yake yakizifuata pinde zao, na kwa kuziona tu akaweza kutambua mwendo ulipopotoka hata kidogo, akawasahihisha.

Katika mwezi wa Aprili mwaka ule wa 1825 akashikwa na ugonjwa wa tumbo uliomweka kitandani, hata yeye na rafiki zake wakaogopa. Tabibu akamkataza mvinyo na kahawa. Akapona, akarudi katika muziki wa wanne aliokuwa ameuanza, ule uhesabiwao wa 132 katika kazi zake, akatia katikati yake fungu jipya. Juu yake akaandika kwa mkono wake kwamba huu ni wimbo mtakatifu wa shukrani, ambao mtu aliyepona anamtolea Mungu, katika ngazi ya Lidia.

Ngazi ya Lidia ni nini? Waalimu, jambo hili ni jepesi kwenu kuliko kwa wasomi wengi. Mwimbisheni mwanafunzi ngazi ya do-re-mi, lakini aanze kwa fa na aishie kwa fa ya juu: fa, so, la, ti, do, re, mi, fa. Atakapofika hatua ya nne atasita, kwa maana imepanda kuliko alivyozoea. Ndiyo hiyo. Wale walioimba nyimbo za Kilatini za zamani wanaijua tangu seminari, ni ngazi ya tano ya Kanisa. Siku za Beethoven watu wa mjini walikuwa wamekwisha kuiacha. Yeye alikwenda kuichukua katika makabati ya Kanisa kwa kuwa, nionavyo mimi, hakutaka kumshukuru Mungu kwa lugha ya karamuni.

Fungu hili ni la polepole mno. Msidhani wapigaji wamesahau njia. Sauti moja inaingia, nyingine inaifuata, halafu wote wanne wanakutana katika mstari mmoja wa wimbo kama kwaya kanisani, kisha wanaanza tena. Halafu ghafula muziki unabadilika, unakuwa mchangamfu, fidla inarukaruka. Hapo Beethoven ameandika kwamba anajisikia nguvu mpya. Mtu yeyote aliyewahi kuugua malaria wiki mbili, akaamka asubuhi moja akaweza kusimama mlangoni na kutazama ua, anakijua kipande hiki hata kama hajapata kuiona fidla. Lakini nguvu hazikai. Wimbo wa polepole unarudi, nguvu zinarudi, wimbo unarudi mara ya tatu, na mara hii ya mwisho ametaka upigwe kwa hisia ya ndani kabisa ya moyo. Muda wote ni robo saa na zaidi. Ulipigwa hadharani Vienna tarehe 6 Novemba 1825, na wapiga wakuu walikuwa Schuppanzigh na wenzake. Beethoven alikufa mwezi wa Machi mwaka 1827. Hakusikia kwa masikio yake hata noti moja ya shukrani ile.

Wa tatu ni mtu wa siku za karibu, Mrusi Dmitri Shostakovich, aliyezaliwa mwaka 1906 akafa mwaka 1975. Ametunga muziki wa wanne kumi na tano, na huu ni wa nane. Msitafute hapa sala, wala msitafute faraja. Nimeulizwa kama wafaa kupigwa mahali hapa, nami nikasema wafaa, kwa sababu maombolezo nayo yana mahali pake nyumbani mwa Mungu.

Mtu huyu aliishi chini ya dola iliyokuwa inapima kila neno. Mwaka 1936 gazeti la chama kilichotawala liliishambulia opera yake kwa ukali, na siku zile watu walichukuliwa usiku wasionekane tena. Aliokoka, akaendelea kutunga, mara akisifiwa, mara akilaumiwa. Mwaka 1960 akasongwa sana aingie katika chama kile kile, hata akakubali. Mwezi wa Julai mwaka ule alikwenda Ujerumani ya Mashariki ya wakati ule kutunga muziki wa filamu juu ya mji wa Dresden, uliovunjwa kwa mabomu mwezi wa Februari 1945. Akakaa Gohrisch, mahali pa mapumziko karibu na hapo. Badala ya muziki wa filamu akaandika huu wa wanne kwa siku tatu, tarehe 12 mpaka 14. Hadharani uliwekwa kuwa ukumbusho wa waliouawa na ufashisti na vita. Lakini kwa rafiki yake Isaak Glikman aliandika jambo jingine: kwamba alifikiri siku atakapokufa hapana atakayemtungia muziki wa kumkumbuka, basi akaona autunge mwenyewe.

Na jina lake amelitia ndani. Wajerumani huziita noti kwa herufi, na kwa hesabu yao herufi D, S, C, H, yaani mwanzo wa jina lake linavyoandikwa Kijerumani, zaweza kupigwa. Kwa do-re-mi ni hivi: re, kisha mi iliyoshushwa nusu hatua, kisha do, kisha ti ya chini. Imbeni polepole moyoni mwenu. Chelo itaanza kwa noti hizo nne, viola itazichukua, kisha fidla ya pili, kisha ya kwanza, na toka hapo zitarudi tena na tena, mara kwa hasira, mara kwa mchezo wa dansi usiochekesha, mpaka mwisho. Mafungu ni matano, yameunganishwa pasipo kituo. Katika la nne mtasikia sauti moja nyembamba inayoendelea, na juu yake mapigo matatu mazito. Wengine husema ni mabomu ya Dresden. Wengine husema ni mlango unaogongwa usiku. Mtungaji hakuyafafanua kwa maneno, na mtu aliyeishi alivyoishi yeye alikuwa na sababu. Wimbo wenye maneno ungalikwenda kwa wakaguzi wakaupigia mstari mwekundu. Noti nne nani atazifuta? Zilipigwa Leningrad, mji uitwao leo St Petersburg, tarehe 2 Oktoba 1960, mbele ya watu waliojaa ukumbi, na waliokuwa na masikio walisikia.

Hivi ndivyo ninavyomjibu mzee wangu. Sisemi kwamba muziki usio na maneno unafundisha imani. Haufundishi. Mtoto hatajua Amri Kumi kwa kusikiliza viola, na kazi hiyo itabaki ya katekista na ya nyimbo zetu. Lakini yako mambo ambayo mtu anayo naye hana neno lake: yule aliyekwisha kusikia mahubiri akabaki magotini, yule aliyepona asijue aanze wapi kushukuru, yule asiyeruhusiwa kusema alichopoteza. Katika matanga yetu wenyewe, wanawake waliochoka kuimba huendelea kwa mguno usio na neno, na hakuna mtu anayewauliza wanasema nini.

Wa nne ndiye aliyenifanya niikubali kazi hii ya kuhutubu, nami nimemwomba apigwe mwisho, ijapokuwa wapigaji walitaka awe wa pili. Jina lake Justinian Tamusuza, Mganda, aliyesomea utungaji Belfast na Marekani. Mwaka 1988 alitunga muziki wa wanne akauita kwa Kiganda Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba. Fungu lake la kwanza likapigwa na wapigaji mashuhuri wa San Francisco waitwao Kronos Quartet, wakalitia katika santuri yao ya mwaka 1992 pamoja na kazi za watungaji wengine wa Afrika, wa Zimbabwe, Ghana, Gambia, Morocco, na Nubia. Fungu hilo ndilo mtakalolisikia.

Kabla ya kulisikia, wakumbukeni wapiga amadinda wa Buganda. Magogo yamelazwa, watu wamekaa wakikabiliana pande mbili za chombo kimoja, na huyu hupiga katika nafasi ile ambayo mwenziwe anainua mkono. Ukimsikiliza mmoja peke yake husikii wimbo, wasikia mapigo tu. Wimbo hutokea kati yao. Tamusuza alikulia katika muziki huo, na alipopewa fidla mbili, viola na chelo hakujifanya mtu wa Vienna. Vyombo ni vile vile vya Haydn, lakini mtasikia mapigo yanayofumana kama vidole vya mikono miwili, na ngazi ya sauti tano ambayo bibi zetu hawakufundishwa na mtu. Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, kisha nikalikumbuka jina la kazi, nikanyamaza. Njia ya Msalaba yenye mwendo wa ngoma? Nimelifikiri jambo hili siku nyingi. Watu wa kwetu humsindikiza mpendwa wao kwa ngoma, wala hakuna anayedhani hawana huzuni.

Yamebaki mambo ya desturi. Makofi yapigwe kazi inapokwisha, si kati ya fungu na fungu. Mkiwa na shaka, tazameni pinde: zikishushwa mapajani, imekwisha. Katika kazi ya Shostakovich mwisho wake hufifia mpaka hamtajua kama bado inalia, basi ngojeni mwenye fidla ya kwanza ashushe mkono. Mama mwenye mtoto anayelia asione haya kutoka na kurudi, mlango wa upande uko wazi. Utaratibu wa muziki umebandikwa ukutani, na kwa waalimu wanaotaka zile noti nne na ngazi ya Lidia kwa do-re-mi, nimeziandika kwa chaki ubaoni hapo nyuma. Zinakilini kabla ya kesho asubuhi, maana darasa la nne wanauhitaji ubao.